Malalamiko Juu ya Mume Anayekimbia Bila Kukimbizwa

Uvira, Mulongwe, wiki iliyofuata mashindano yenu

Kwa Bwana Mwenyekiti wa Kamati ya Triatloni Ndefu ya Ziwa

Nakala: kwa chef wa avenue yetu (ndiye mkuu wa mtaa), kwa Padri wetu, kwa mama mkwe wangu kule Lemera, ili ajue alichotuzalia

Kuhusu: Ombi la kumfuta mume wangu katika mashindano yenu, mwaka huu na miaka yote ijayo

Bwana Mwenyekiti mheshimiwa,

Tumekwisha kuonana mara moja, ingawa hatukusalimiana. Mimi ndiye yule mama aliyevuka mstari wenu wa mwisho pale Kavimvira Jumamosi iliyopita akiwa na godoro kichwani, na wewe ndiwe uliyenipa ndizi na kunipigia makofi kabla hujagundua kwamba sina namba kifuani. Nashukuru kwa ndizi. Habari ya ndizi nitairudia kwa wakati wake.

Naitwa Pélagie, muuza mchele, mke halali wa Hyacinthe fundi cherehani. Ninyi mnamjua kwa namba mliyomwandika mkononi kwa wino usiotoka. Kwa taarifa yenu haujatoka mpaka leo, isipokuwa ule uliohamia kwenye shuka zangu.

Hadi mwaka jana Hyacinthe alikuwa mtu wa kukaa. Fundi wa nguo hukaa, ndiyo kazi yake. Alikuwa na kitambi cha heshima, kitambi cha mtu anayepikiwa, nami sikuwa na neno naye. Kisha mdogo wake, shemeji yangu Gracien, akarudi kutoka Bujumbura na simu yenye video za watu wanaotoka majini wakarukia baiskeli, wakishuka kwenye baiskeli wakaanza mbio. Nilimwuliza Gracien ni nani anayewafukuza. Akasema hakuna, wamelipa wenyewe. Nikadhani ni utani, nikaendelea kuchambua mchele. Kumbe mwenzangu alikuwa anatazama kama mtu anayesomewa wosia.

Sasa niruhusu nipange malalamiko yangu kwa namba, maana ninyi ni watu wa namba.

1. Juu ya kuoga.

Kwetu hapa kuoga ni kuoga. Mtu akijisugua kwa sabuni anaoga, na mtu akikata maji kwenda katikati ya ziwa naye anaoga. Lugha yetu haikuyatenganisha mambo hayo mawili kwa sababu hakuna aliyewahi kuhitaji. Hyacinthe akawa anaamka alfajiri na kuniaga: "Mama Naomie, minye niko naenda kuoga." Haya, usafi ni nusu ya imani. Lakini alikuwa anarudi jua limepanda, macho mekundu, ananuka ndagala, wale dagaa wa ziwani, na kipande cha sabuni nilichompa kiko kikavu vile vile mfukoni.

Majirani wana macho. Akina mama wa kwaya wakaanza kuniuliza, kwa upole wa kikristo, ni dhambi gani aliyofanya mume wangu hata haitoki kwa kuoga kwa kawaida. Mmoja alinishauri nimpeleke kwa Padri, kwa kuwa ziwa lina mipaka yake. Nimekutana na swali hilo sokoni, kanisani na kwenye matanga ya watu.

Kwa ajili ya huko kuoga alijishonea vazi jeusi la kubana. Kitambaa ni cha mwavuli wetu, ule mkubwa, zawadi ya harusi. Nilikuja kugundua mvua ilipoanza. Nilifungua mwavuli mlangoni, nikabaki nimeshika vyuma vitupu juu ya kichwa, mbele ya watu. Nilipompigia kelele alinijibu kwamba kitambaa cha mwavuli hakipitishi maji, na kwa maoni yake huo ulikuwa ndio mwisho wa kesi.

Sitaji viboko. Nasikia kuna mmoja upande wa Kalundu aliyemzoea, na wakikutana kila mmoja anashika njia yake. Nafurahi kwamba kuna kiumbe katika mji huu anayejua ratiba ya mume wangu.

2. Juu ya portbagaji.

Hapa, Bwana Mwenyekiti, utanisamehe kama mwandiko utabadilika.

Baiskeli yetu ni ile nzito, ya chuma, ambayo imebeba mchele kutoka Bwegera tangu tuoane. Nyuma yake palikuwa na portbagaji, kile kiti cha vyuma cha kufungia mzigo. Nati zake zilikuwa zimelegea, kwa hiyo ilikuwa inalia njia nzima, krr, krr, na mimi nikiwa jikoni nilikuwa najua mume wangu amefika kona kabla mbwa hawajajua. Miezi mitatu kabla ya mashindano yenu Hyacinthe aliing'oa. Alisema ni uzito wa bure, inamvuta nyuma.

Uzito wa bure! Mara ya mwisho tulipokimbia mji huu, nani alikaa juu ya portbagaji ile? Mimi. Naomie alikuwa mchanga bado, mgongoni kwangu. Risasi zilikuwa zinalia upande wa juu, na mimi nilikuwa na sufuria kubwa ya maharagwe jikoni, inakaribia kuiva. Nikasema niipakue. Hyacinthe akapiga kelele: "Acha iyo sufuria, weye panda!" Nikapanda. Tukapita Kavimvira namna hiyo, yeye akipiga pedali, sisi nyuma, mpaka ng'ambo kwa Warundi, mpaka kambini. Huko tuliazima sufuria ya mama mmoja Mrundi, Niyonkuru, Mungu ambariki. Alikuwa anapika kwanza yeye, kisha dada zake, kisha sisi, kwa hiyo watoto wote wa kambi walikuwa wamekwisha kulala na Naomie wangu bado analia njaa. Tuliporudi nyumbani sufuria ilikuwa imekwenda na watu wasiojulikana. Nimenunua nyingine, na tangu siku hiyo hakuna chakula nilichomwandalia Hyacinthe bila kumkumbusha ile ya kwanza. Hajawahi kunijibu hata mara moja.

Basi mtu akija akaniambia kwamba mahali nilipokaa siku ile ni uzito wa bure, nielewe nini? Nilimwuliza: na tukikimbia tena, minye nitakaa wapi? Akasema si tunaongea habari ya sport. Nilikwenda kulala bila kula.

Nyongeza ndogo kwa namba hii: siku ya mashindano, mume wangu aliendesha baiskeli kutoka Uvira hadi Bwegera, akazunguka pipa mliloliweka katikati ya barabara, akarudi mikono mitupu. Bwegera! Katikati ya mavuno! Tangu dunia iumbwe hakuna mtu mwenye akili aliyefika Bwegera na baiskeli akarudi bila mchele. Wakulima waliomfahamu walimwita kwa jina, wakidhani amesahau.

3. Juu ya neno lenyewe.

Ninyi mnasema mbio ni mchezo. Sisi hapa kukimbia si mchezo, kukimbia ni kuhama. Ukimwuliza mtu wa Uvira amekimbia mara ngapi, hatakwambia kilomita, atakwambia vita. Mtu mzima akionekana barabarani anakwenda mbio na hana jasho la kuchelewa kazi, watu hawaulizi ameshika nafasi ya ngapi. Wanauliza: wenye bunduki wako wapi?

Asubuhi ya kwanza Hyacinthe alipofanya mazoezi ya mbio katika avenue yetu, wabadilisha fedha wawili walifunga meza zao, na mwanamke mmoja alitoka bafuni na povu kichwani. Chef wa avenue akamwita. Ndipo alipoanza kupita huku akipaza sauti kila nyumba: "Ni sport! Ni sport!" Na aliyebisha aliambiwa: "Minye sikimbie, niko nakimbia tu!" Sijui kama mnauona uzito wa sentensi hiyo. Mimi nimeigeuza usiku na mchana na bado inanishinda.

Lakini watu ni watu, wakazoea. Hata Mama Kadija, jirani yetu mzee anayeuza ndagala barazani na ambaye macho yake yamepungua, alikuwa akisikia "Ni sport" anaitikia "Alhamdulillahi" bila kuinua kichwa.

Sasa tafadhali unganisha hoja zangu kama nilivyoziunganisha mimi. Kuna mtu anajifunza kuvuka maji peke yake. Anajifunza kwenda mbali kwa baiskeli isiyo na mahali pa mke. Anajifunza kukimbia muda mrefu bila kuchoka, na kula akiwa njiani, vitu vidogo vidogo vya mfukoni, bila sufuria. Mtu huyo anajiandaa kwa nini? Mimi sikusoma sana, lakini naijua safari hiyo, nimeifanya. Mume wangu anajiandaa kukimbia bila mimi. Nimeogopa mwaka mzima, Bwana Mwenyekiti, na ninyi mlikuwa mnamtumia kofia ya mpira ya kuogea ziwani.

4. Juu ya mahali mlipochora mstari.

Ni nani aliyewashauri mweke mwisho wa mbio Kavimvira, hatua chache kabla ya mpaka? Mlitazama ramani mkaona barabara nzuri. Mngetuuliza. Kila mtu wa mji huu akishtuka usingizini, miguu yake inajua njia moja, nayo ni ile mliyoipamba kwa bendera.

Jumamosi mimi nilikuwa nyumbani. Niligoma kuja kutazama, na maharagwe yalikuwa jikoni. Naomie alikuwa anafua. Kumbe kwa hesabu zenu wakati huo watu wamekwisha kuoga, wamekwisha kurudi kutoka Bwegera, na sasa wanatoka Kalundu kwa miguu kuelekea mpakani, wakipita kwetu. Wa kwanza walikuwa wageni, sijui wa Bukavu, sijui wa wapi. Walipita kimya. Mdomo wazi, macho yametoka, chumvi usoni, mmoja amevaa kiatu kimoja. Hakuna aliyesema "Ni sport". Mama Kadija akainua kichwa, akapiga yowe ambalo hata ng'ambo ya ziwa nadhani walilisikia: "Batu banakimbia! Batu banakimbia!"

Wala hakusema uongo. Watu walikuwa wanakimbia.

Bwana Mwenyekiti, avenue yetu haijawahi kuwa na umoja kama siku ile. Sikuuliza swali. Nilishika godoro, Naomie akashika redio na karatasi zake za shule, tukatoka. Mama Kadija, ambaye nimemjua miaka yote kwa ugonjwa wa magoti, alinipita pale kwenye daraja akiwa na beseni lake la ndagala. Tulikimbia tumechanganyika na wanamichezo wenu, bega kwa bega, na nakiri kwamba niliwapita wawili. Mbio za sakafuni huishia ukingoni; zetu ziliishia kwenye utepe mwekundu, muziki, na wewe na ndizi zako.

5. Juu ya medali, sufuria, na maharagwe.

Nimeambiwa kwamba medali hupewa kila anayevuka mstari. Mimi nilivuka. Mliponiona sina namba mkaniomba nikae pembeni na godoro langu. Mama Kadija mlimwomba hata beseni alitoe kwenye picha. Watu waliokuja na viatu vya rangi na saa za mkononi mliwavika shingoni, na sisi tuliofika kabla ya baadhi yao, tena na mizigo, hatukuandikwa popote. Kama ni kwa mbio, mimi nimezikimbia hizi na nyingine ndefu zaidi, na hakuna aliyeniwekea meza ya maji njiani.

Nikakaa. Nikamngoja mume wangu. Gracien aliingia wa nne, analia kwa furaha au kwa kitu kingine. Wakaja wengine, wakaja wengine, bendera zikaanza kukunjwa. Ndipo Hyacinthe akatokea, wa mwisho kabisa, amevaa mwavuli wangu, amepinda mgongo. Na kichwani, mbele ya Uvira nzima na maofisa wa nchi mbili, amebeba sufuria yangu kubwa, na maharagwe ndani.

Watu walicheka hadi wakashikana. Mimi sikucheka. Nilielewa mara moja kwamba ananikejeli. Miaka yote nimesema habari ya sufuria, hajanijibu. Kumbe alikuwa anaweka jibu lake kwa siku ya watu. Alivuka mstari, akaitua miguuni pangu, akanitazama kama mtu asiyenifahamu vizuri, akasema: "Kumbe weye uko." Kisha akakaa chini. Je, hiyo ni salamu ya mume kwa mke? Niko, ndiyo! Alitaka nisiwepo? Nikamgeuzia mgongo, nikabeba godoro langu, nikarudi nyumbani, na hatujasemezana tangu siku hiyo.

Medali mlimpa. Na ndizi zilipokuwa zimekwisha, nimethibitishiwa na mashahidi wenye majina kwamba wanakamati walikaa wakazunguka sufuria yangu na kuyala maharagwe yote, kwa vifuniko vya chupa. Sufuria ilirudi haijaoshwa.

Kwa sababu hizo, naomba kwa heshima:

(a) Hyacinthe afutwe katika vitabu vyenu, asiandikishwe tena hata akija na jina lingine na vazi la mwavuli mwingine.

(b) Medali yake ihamishiwe kwangu, kwa kuwa nilimtangulia kwa muda mrefu sana.

(c) Mstari wa mwisho uhamishwe mahali ambapo watu wa Uvira hawajawahi kukimbilia. Nilitaka kuwasaidia kupataja. Nimefikiri ng'ambo, nimefikiri milimani Lemera, nimefikiri visiwani na kwenye mashua, sijapapata. Tafuteni ninyi wenye ramani.

(d) Maharagwe.

Nina hakika kwamba mtu anayepanga saa za watu kiasi hicho atapata hata saa moja ya kumjibu mwanamke. Nisalimie wanakamati wote, walioyala na ambao hawakuyala. Msalimie yule kijana wa kipaza sauti aliyetangaza kwamba nimetoka Bujumbura. Wasalimie wageni wote, na yule wa kiatu kimoja mwambieni cha pili kiko kwangu, nimekiosha. Chef wa avenue anawasalimu kwa shingo upande. Mama Kadija anawasalimu vizuri tu, anauliza mwaka kesho ni lini.

Ni mimi, kwa heshima na kwa uchungu,

Pélagie, Mama Naomie

Nyongeza. Nilikuwa nimekwisha kuilamba bahasha ndipo Gracien alipopita kuichukua. Aliuliza ndani mna nini, nikaifungua na kumsomea, kwa fahari. Alicheka mpaka namba ya tatu. Kwenye sufuria akaacha kucheka, akaniambia, kama anavyoniita mimi shemeji yake: "Mulamu, hakukwambia?"

Anasema walikuwa wanakimbia pamoja, yeye na kaka yake, na Hyacinthe alikuwa na nguvu, kuna watu wengi nyuma yao. Walipokwisha kuipita kona ya kwetu wakakuta barabara imejaa watu na magodoro. Hakuna hata mmoja wao aliyewaza kwamba ni wao waliotutisha. Waliamini vita vimeingia. Wakimbiaji wote wakaongeza mwendo kuelekea mpakani, Gracien akiwemo, na ndiyo maana aliingia wa nne, na ndiyo maana saa zenu za mwaka huu ni nzuri kiasi hicho. Mtu mmoja tu ndiye aliyegeuka. Alipita katikati ya watu wanaomjia, akirudi upande ambao kila mtu anautoroka, anaita jina langu na jina la Naomie. Akaingia kila nyumba ya avenue. Akakuta mlango wetu wazi, mimi sipo, na sufuria iko motoni. Akaibeba, kwa sababu alijua kwamba kama niko hai, kitu cha kwanza nitakachomdai ni hicho.

Kwa hiyo mimi niliyeandika kurasa hizi zote juu ya mtu atakayekimbia bila mimi, ndimi niliyekimbia bila yeye. Sikugeuza hata shingo, Bwana Mwenyekiti. Nilikuwa na godoro.

Futeni (a). Futeni (b). Nakala ya mama mkwe msiipeleke, nawasihi. Namba (c) ibaki, na maharagwe yabaki, maana nisipoituma barua hii ni nani atanijibu habari zake?

Nasikia krr, krr, kule kwenye kona. Ameirudisha portbagaji. Nakomea hapa, nakwenda kumwambia kwamba niko.